Mabati ya Mzee Keya

Nakumbuka siku tuliyompeleka Mzee Keya kwao kuzikwa, mwanangu, na kila nikiikumbuka hata kikombe cha chai nakiweka chini. Kaa hapo nikueleze. Na usinitazame hivyo ukisema moyoni, shosho ameanza tena. Nimeanza, ndiyo, na utanisikiliza mpaka mwisho.

Enzi hizo, miaka ya tisini, sikuwa huku Kawangware. Nilikuwa Kibera, Soweto West, msichana aliyeolewa juzi akaachwa jana, nikifulia watu nguo kule Nyayo Highrise. Duka la Mzee Keya lilitazamana na mlango wangu. Jina lake hasa lilikuwa Wafula, lakini ujanani alipigana vita vya Wazungu kule Bama, yaani Burma, katika lile jeshi la zamani ambalo wazee waliliita Keya, basi jina likamganda. Alikuwa mrefu, macho makali, sauti ya kuamrisha. Mkijazana dukani anafoka, "Laini! Nyinyi ni ng'ombe?" Na watu wazima na akili zao wanapanga laini kwa ajili ya kibiriti.

Lakini moyo wake, jamani! Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mtu akifiwa, matanga yalikuwa mbele ya duka lake, majani chai na sukari vikitoka kwake, hadi maiti isafirishwe. Siku moja nilimuuliza kwa nini anajisumbua na misiba ya watu ambao hata si wa kwao. Akawa anapangusa mizani. Kisha akasema, "Kule Bama tuliacha vijana msituni. Mama zao waliwangoja. Hakuna aliyeletewa hata kiatu." Sikuthubutu kumchokoza zaidi.

Sasa, yeye mwenyewe alikuwa na haja moja tu. Nyumba. Mke wake alishafariki, mtoto hawakujaliwa, na nyumba yao ya nyasi kule nyumbani, Magharibi, ilianguka yeye akiwa huku mjini. Unazijua mila za kwetu: mwanamume mzima akifa, mwili unalazwa mbele ya nyumba yake mwenyewe, watu wamlilie mlangoni pake. Asiye na nyumba anasimamishiwa kibanda haraka haraka kabla hajashushwa garini, kama kijana ambaye hakuwahi kuwa na boma. Kwa mzee hiyo ni aibu inayofuata jina lake. Mzee Keya alilijua hilo na lilimnyima usingizi. Kwa hivyo akawa ananunua mabati, moja leo, jingine akijaliwa, anayaegemeza nyuma ya duka.

"Yakitosha paa nafunga duka, naenda kujenga," aliniambia. "Kufa siogopi. Naogopa kufikishwa kwa mlango ambao haupo."

Hayakutosha kamwe. Upepo ukiezua paa la mjane, mzee anatoa bati. Mtoto wa jirani akinyeshewa, bati. "Chukua, nitapata lingine." Halafu siku moja stovu ya mtu ikalipuka, na kabla ya adhuhuri safu yetu nzima ilikuwa majivu. Ole wetu! Nilibaki na gauni nililovaa na beseni la kufulia. Kesho yake mzee alitupanga laini, laini kweli kweli, akagawa mabati yote yaliyobaki. Mimi nilipewa mawili. Nilimwombea baraka mpaka koo likakauka. Tukapigilia misumari, tukacheka, tukaendelea na maisha.

Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza, na nyumba yako, baba? Si kwamba tulikuwa na roho mbaya. Tulimzoea. Mtu akikupa kila siku unamwona kama kisima, na kisima nani hukiuliza kama kina kiu?

Msimu wa baridi kifua kikamkamata. Alikohoa akipima unga, akakohoa akitufokea, mpaka siku moja duka halikufunguliwa. Alikufa hospitalini. Tulilia kweli, mwanangu, sitakudanganya. Tukachanga, tukakodi basi, tukajaa Waluhya, Wajaluo, hata Wanubi waliokuwa wateja wake. Njia nzima tuliimba. Tulijiona watu wa maana, tunampeleka shujaa.

Tukafika. Basi likasimama kando ya shamba, na shambani hapakuwa na kitu. Nyasi tu, na nguzo mbili zilizooza. Vijana wa ukoo walikuwa bado wanachimba mashimo ya kibanda, jasho likiwatiririka. Dada yake, bibi kizee aliyepinda mgongo ambaye kila mtu alimwita Kukhu, yaani nyanya, akasimama njiani na fimbo yake.

"Msimshushe," akasema. "Hana pa kushukia."

Tukabaki tumesimama juani na jeneza ndani ya basi. Kukhu akatukagua mmoja mmoja.

"Hawa wote ni nani?"

Mimi na mdomo wangu nikajibu, "Ni majirani zake wa Nairobi, Kukhu. Tulimpenda sana."

"Mlimpenda. Haya. Kila akija Krismasi aliniambia ana mabati ya nyumba. Yako wapi?"

Watu wakatazama viatu vyao. Nikaona hakuna atakayesema, nikasema mimi. "Tumeezekea sisi, Kukhu."

Nilitamani anichape na ile fimbo. Hakunichapa, wala hakupaza sauti.

"Basi mmelala pakavu," akasema. "Hongereni. Ndugu yangu alitoka Bama mzima, risasi hazikumpata, akaja kukosa mlango kwenu. Watu basi zima! Na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia, na wewe je?"

Kibanda kilisimamishwa: nguzo nne, nyasi za kuazima, na karatasi ya nailoni juu. Yeye mrefu vile, kibanda kifupi vile. Mvua ilinyesha wakati wa maombi, ikapenya, ikalilowesha jeneza, nasi tukalitazama. Wazee wa ukoo walimlilia kwa sauti ya chini na wakaharakisha kumzika. Tuliporudi hakuna aliyeimba. Aibu iliyonishika siku ile sijaisahau, na sitaki kuisahau.

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Walisema kweli, lakini hawakusema wewe unayepikia chungu chake unyamaze. Kwa hivyo nisikilize, mwanangu. Ukipewa, shukuru, lakini usiishie kwa shukrani, maana shukrani haiezeki nyumba. Mtazame anayekupa. Ingia kwake, angalia mlango wake, muulize analala wapi na akizeeka ataenda wapi. Muulize angali hai, mdomo ukiwa na jibu. Na wewe ukijaliwa mkono wa kutoa, toa, usiufumbe. Lakini bati la kwanza liwe lako. Hiyo si choyo. Anayekupenda hatafurahi kukuona umelowa.

Haya, nenda, giza lisikukute njiani. Mungu akupe nyumba kabla hajakupa kaburi. Akupe paa, mwanangu, na akupe mtu wa kukuuliza kama linavuja.