Sauti Aliyoitaka Kaka

Gari letu kaka yangu alilinunua kutoka kwa mwalimu mmoja wa mtaa wa Munyaka aliyekuwa anahama, na siku alipolileta nyumbani jambo la kwanza alilosema halikuhusu rangi wala viti. Aliliacha likinguruma uani, akainamisha kichwa, akakunja uso.

"Hii gari inaongea kama mtu ako na kiazi moto kwa mdomo," akasema.

Mimi nilikuwa nazunguka nikitafuta mahali lilipokwaruzwa. Yeye alikuwa ameshausikia ugonjwa.

Kaka alikuwa na mashine ya kusaga unga huko Moi's Bridge, na kazi hiyo aliifanya kwa masikio. Wasagaji wengine huuma punje kwa meno wajue kama mahindi yamekauka. Yeye aliyamwaga kidogo kwenye mashine na kusikiliza. Mngurumo ukishuka alijua bado yana maji, na mama mwenye debe lake alirudishwa nyumbani akayaanike tena, apende asipende. Nyundo za ndani zikianza kulika, alizisikia kabla unga haujaanza kutoka na chenga. Watu walitoka mbali kuja kusaga kwake, wakiwapita wasagaji waliokuwa karibu nao.

Ndiyo sababu hakutaka kuziba masikio. Niliwahi kumpelekea vile vikinga vya masikio wanavyovaa watu wa viwandani, akavitundika kwenye msumari ukutani.

"Nikivaa hii kitu, si ni kama kusaga na macho imefungwa?" aliniuliza.

Nikamjibu mbele ya wateja kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Wakina mama walicheka, na yeye akacheka kuwashinda wote. Methali hiyo siku hizi siitumii. Kazi yangu ni kufundisha watu kuendesha gari hapa Eldoret, na juzi mwanafunzi mmoja aliitamka akimsema mumewe. Nilinyamaza tangu hapo mpaka tukafika Kiplombe, naye akadhani amekosea gia.

Ugonjwa wa gari letu ulikuwa kwenye katalitiki. Ni makopo yaliyounganishwa na bomba la moshi chini ya gari, na ndani yake kuna vitundu kama vya sega la nyuki, vya kuusafisha moshi kabla haujatoka. Yetu yalikuwa yamezeeka na kuziba. Gari lilipanda mlima kwa kulalamika, na sauti yake ilitoka imebanwa. Vijana wengi wa hapa mjini wenye gari kama letu hawasumbuki na mambo hayo. Fundi hukata makopo, akachomelea bomba tupu, makopo yakauzwa kwa watu wanaotafuta madini yaliyomo ndani, na Jumapili mtaa mzima ukajua kijana fulani ametoka kanisani.

Kaka aliwadharau sana vijana hao.

"Hiyo si sauti, hiyo ni kelele tu," alikuwa akisema, mtu aliyeshinda kutwa kando ya mashine ya kusaga.

Yeye alitaka katalitiki za kisasa, zinazotengenezwa kwa ajili ya magari ya mbio. Vitundu vyake ni vipana, kwa hiyo moshi unasafishwa lakini hauzuiwi njiani, injini inapata nguvu na sauti inafunguka. Aliwahi kuisikia mara moja tu, kwenye kituo cha mafuta hapa mjini, gari la mtu asiyemjua. Alimwomba mwenyewe azime awashe tena. Mtu huyo akakubali, nadhani kwa mshangao. Kaka alinipigia simu palepale.

"Inaanzia chini, Mwalimu," aliniambia. Aliniita Mwalimu tangu nilipopata kazi ya kufundisha udereva, kwa utani, nami nilimwita Mzee ingawa hakunizidi sana. "Haikupigii kelele. Inakuambia tu iko. Hiyo sauti lazima niiskie kwa gari yetu."

Tungezinunua mwaka uleule. Lakini sisi watu wa Uasin Gishu tunajijua. Mvua ikikaribia hakuna anayenunua kitu kisichoota. Mbegu kwanza, mbolea kwanza, trekta la kulima kwanza. Tukishapanda tunangoja palizi, tukishapalilia tunangoja mahindi yakauke, na yakishakauka tunayaweka ghalani tungoje bei ipande. Bei ikipanda, mvua imekaribia tena. Kila nilipomwambia twende tukaagize zile katalitiki, kaka alinijibu, "Wacha kwanza tuvune." Nami sikubishana naye, mimi ninayebishana hata na taa za barabarani. Lilikuwa jambo la starehe, na starehe kwetu hungoja. Naujutia unyamavu huo kuliko maneno mengi mabaya niliyowahi kusema.

Masikio yake hayakuaga. Alianza kwa kusema kuna mbu anamlilia sikioni, na mkewe akanunua dawa ya mbu. Baadaye akawa anapiga kelele kwenye simu, tukasema ni mtandao wa huko kwao. Akawa anacheka baada ya wote kumaliza kucheka. Wateja wakaanza kulalamika kwamba unga una chenga, jambo ambalo halikuwahi kusikika kwake, naye akawaambia mahindi ya mwaka huo ni mabaya. Sote tulikubali kwamba mahindi ni mabaya. Ilikuwa rahisi kuyasingizia mahindi.

Kisha siku moja, akiingia barabara kuu, lori la nafaka lilimpigia honi na kumpigia honi na hakusikia kitu. Dereva wa lori alilitupa lori kwenye majani ndipo wakanusurika. Kaka aliendesha polepole mpaka kwangu Eldoret, akaweka ufunguo mezani na kuomba chai. Alikinywa kikombe chote, akakisukuma kando ya ufunguo.

"Endesha wewe, Mwalimu. Mimi nimemaliza."

Nilimpeleka kwa daktari. Daktari alikuwa mpole, akaandika maneno yake kwenye simu na kumwonyesha asome: kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kitaendelea kupungua. Sikio la kulia lilikuwa limekwisha kabisa. La kushoto bado lilipata sauti nzito, za chini. Alipewa kifaa cha kuvaa, akakivaa wiki chache, halafu kikahamia mfuko wa shati. Alisema kinafanya kila mtu asikike kama anaongea ndani ya pipa.

Nilikuwa nimeyashika maneno hayo, sauti nzito, za chini. Inaanzia chini, Mwalimu. Tukiwa bado kwenye maegesho ya hospitali nilijua ninachotakiwa kufanya, na kwamba lazima nikifanye mbio. Kwanza kaka aisikie ile sauti kwenye gari lake, sikio la kushoto lingali lake. Mambo mengine yote yangengoja, hata mbolea.

Mjini kuna Msomali muuza vipuri ambaye nimenunua kwake tangu nianze kazi. Nilimweleza ninachotaka, naye akanitazama juu ya miwani.

"Mama, hii si kitu ya hapa. Hii naleta kutoka nje," alisema. "Lakini mbona usiweke bomba tu, kama wengine?"

Nilimweleza habari za kaka. Alivua miwani, akaandika oda mbele yangu, akapiga simu mwenyewe. Tangu siku hiyo nilikuwa nikipita dukani kwake kila nikipata nafasi, wakati mwingine nikiwa na mwanafunzi kwenye usukani, namwambia aegeshe pale kama zoezi. Mzigo uko njiani, mama. Mzigo uko bandarini, mama. Mzigo umeshikwa na ushuru, vumilia kidogo, mama. Nilimgombeza mtu ambaye hakuwa na kosa lolote, na yeye akaniagizia chai ya maziwa ya ngamia, ambayo niliinywa huku nimenuna.

Kila mwisho wa juma nilikwenda Moi's Bridge, na kila nilipokwenda nilijaribu kupima sikio la kaka bila yeye kujua. Nilisimama upande wake wa kushoto nikaita. Mwanzoni aligeuka. Baadaye akageuka nikiita kwa nguvu. Mara ya mwisho aligeuka kwa sababu mbuzi alikuwa amegeuka.

Mzigo ulipofika, nililipeleka gari kwa fundi siku ileile. Fundi alifungua makopo ya zamani, akayagonga, na unga mweusi ukamwagika sakafuni. Aliniuliza kama nataka kuyauza. Nikamwambia ayachukue, ila achomelee yangu vizuri kama anayechomelea mlango wa nyumba yake. Alifanya kazi kwa utulivu, bila kupiga soga, na alipomaliza alinipa ufunguo niwashe mwenyewe.

Sitasema mengi juu ya sauti hiyo. Kaka alikuwa amekwisha kuieleza. Ilianzia chini kabisa, ikapita kwenye sakafu ya gereji, na haikumpigia mtu kelele. Mafundi waliokuwa kwenye magari mengine waliinua vichwa. Niliona raha, kisha nikaona wivu, nikijionea wivu mwenyewe kwa kuisikia kabla yake. Nilizima upesi, kana kwamba ningeitumia ikaisha.

Njiani kwenda Moi's Bridge gari lilipanda milima bila kulalamika. Nilifunga redio. Nilikuwa nimemtumia kaka ujumbe, na nilipofika nilimkuta amesimama uani amevaa shati safi, lile la kanisani. Hakungoja tusalimiane. Alilala chini kwenye nyasi na shati lake jeupe, akaingiza kichwa chini ya gari, akawa anapapasa palipochomelewa. Bado palikuwa na moto, akaondoa vidole akicheka.

"Huyu fundi ni mtu," alisema kwa ile sauti yake ya juu ya siku hizi.

Mkewe alichungulia kutoka jikoni, mikono imejaa unga wa chapati. Nilimwambia aje asikie. Wifi yangu huyo ndiye aliyebeba haya yote kuliko mimi. Alikuwa ameniambia kwenye simu kwamba kaka amekuwa akimweleza habari za sauti hiyo usiku na mchana, kama mtoto anayesubiri Krismasi.

"Ningojeni ninawe mikono," alisema. "Msiwashe bila mimi."

Kaka aliinuka, akajipangusa, akaenda kusimama nyuma ya gari upande wa kushoto, mahali bomba linapotokea. Mimi nikaingia. Nilifunga mkanda, nikakanyaga breki, nikashika ufunguo. Hivyo ndivyo ninavyowafundisha wanafunzi wangu, breki kwanza, na mguu wangu hauwezi tena kufanya vinginevyo. Nilitulia hivyo nikimngoja wifi. Kwenye kioo cha pembeni nilimwona kaka. Taa za breki zilikuwa zimemwakia magotini, akaziangalia kama mtu aliyepewa ishara, kisha akafumba macho na kuligeuza lile sikio la kushoto kuelekea kwenye bomba.

Uso wake ukafunguka. Sikuwa nimeuona hivyo kwa muda mrefu.

"Eeeh!" alipaza sauti, mkono juu. "Sasa hiyo ndiyo sauti, Mwalimu! Si nilikuambia? Inaanzia chini!"

Ufunguo ulikuwa bado haujazungushwa. Uani palikuwa kimya kabisa, hata nikasikia maji yakimwagika kwenye beseni jikoni, na kaka yangu akitikisa kichwa polepole kama anayefuata wimbo. Sijui kama alikuwa ananidanganya mimi, ili nisijisikie vibaya kwa kuchelewa, au kama kweli alikuwa anaisikia, ile ya kituo cha mafuta, ambayo alikuwa ameihifadhi miaka yote hiyo. Sikuwahi kumuuliza. Nilichojua ni kwamba tumechelewa, na kwamba hakuna aliyetuchelewesha isipokuwa sisi wenyewe na mahindi yetu.

Mlango wa jikoni ukalia. Wifi alikuwa anakuja mbio akijifutia mikono kwenye leso, anatabasamu, amemsikia mumewe akishangilia. Niliwasha gari haraka kabla hajapita kona ya nyumba na kulikuta kimya.