Mpira Haujui Kujibu Hajambo

Iko siku moja, mwanangu, ambayo haijanitoka moyoni, na kabla sijaisimulia huwa nataka msikilizaji wangu akae kwanza. Basi kaa. Yalikuwa mambo ya Kisauni, miaka ya themanini ikielekea kwisha, nami nilikuwa msichana mwenye nguvu za mikono na ulimi usiolala. Marehemu baba yangu, Mzee Omari, alikuwa mwalimu wa gofu. Usicheke. Wako wanaodhani gofu ni mchezo wa wazungu na matajiri tu, lakini nyumbani kwetu wali ulipikwa kwa gofu, na ada za shule zililipwa kwa gofu.

Asubuhi baba alikwenda uwanjani kuwafundisha wanachama na wageni wa mahoteli. Jioni alirekebisha fimbo zao uani kwetu, kwenye jiriwa, kile chombo cha kubania chuma, lililofungwa juu ya gogo la mkwaju. Ndugu zangu wa kiume hawakuwa na subira, kwa hiyo ufundi ule alinipa mimi. Usione vyaelea, vimeundwa. Fimbo ya gofu ina uso unaopiga mpira, shingo na kisigino kama mtu, na mpira huenda kwa jinsi ulivyovipanga. Uso ukiulaza nyuma, mpira hupanda juu na kutua taratibu. Ukiusimamisha, mpira huenda chini chini na kufika mbali, mradi mpigaji awe na nguvu. Uso ukifunguka hata kidogo tu, mpira hukimbilia kulia; ukifungika, huelekea kushoto. Ukibandika kipande cha madini ya risasi karibu na kisigino, kichwa cha fimbo hugeuka upesi na uso hufunga kwa wepesi. Yote haya tuliyafanya kwa kugonga shingo ya chuma kidogo kidogo, nyundo ikiwa imevishwa kitambaa, kisha tukaenda kuijaribu.

Ndipo baba akapatwa na kiharusi. Alipona, alhamdulillahi, lakini mkono wa kushoto ulilegea na mguu ukawa mzito.

Sasa wewe watujua sisi watu wa pwani. Mgonjwa akiulizwa hali, hujibu, "Sijambo." Wanaomuuguza wakiulizwa, hujibu, "Hajambo, twamshukuru Mungu." Hata akiwa hawezi kujigeuza kitandani, yeye hajambo. Ni adabu njema, wala siidharau. Hutaki kumtwika jirani mzigo wako, na hutaki kuonekana unamnung'unikia Mola. Lakini kwetu neno lile halikuishia mlangoni, liliingia mpaka ndani. Mama alimwambia baba kwamba hajambo. Mimi nilimwambia hajambo. Baba naye akaitikia, nadhani kwa kutuonea huruma, kama sisi tulivyomwonea yeye.

Baada ya miezi kadhaa klabu ikaleta ujumbe. Katibu na wenzake walitaka kumwona akipiga mipira asubuhi ya Jumamosi. Akiweza, atarudi kazini. Asipoweza, atampisha mwingine. Mwanangu, kazi ile ndiyo iliyokuwa jina lake. Mtaani hakuna aliyemwita Omari, wote walimwita Mwalimu, hata wauza samaki. Niliogopa kwamba wakimwondolea neno lile, watatuletea nyumbani mtu tusiyemjua.

"Nisimamishie uso wa fimbo namba tano kama zamani," baba aliniambia. "Nataka mpira uende mbali."

Nikausimamisha. Tukaenda kwenye uwanja mtupu nyuma ya nyumba, akapiga. Mpira ukatambaa kwenye nyasi, ukapinda kulia, ukasimama karibu. Nikasema, "Ni umande, baba." Akapiga tena, ukafanya vile vile. Nikasema ni upepo. Nikarudi kwenye jiriwa na kuusimamisha uso zaidi, maana niliona tatizo ni umbali, na umbali dawa yake niliijua. Mipira ikazidi kuwa mibaya. Na kila mpira ukienda vibaya nilikuwa na sababu yake mdomoni, na baba alikuwa akiitikia kwa kichwa.

Hapo akatokea Mzee Kazungu, rafiki wa baba tangu ujana wao walipokuwa wakiwabebea wachezaji mifuko ya fimbo. Alikuwa mkata nyasi wa uwanja, Mgiriama mwenye utani mwingi, lakini siku ile hakuja na utani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mwanasha. Babako hajambo?"

"Hajambo, twashukuru."

Akaitazama mipira iliyotapakaa upande wa kulia. Akamtazama baba, aliyekuwa ameketi kwenye kiti akipumua kwa shida. Kisha akanishika mkono, akanivuta mpaka kwenye jiriwa.

"Fimbo hii wamtengenezea nani?"

"Baba."

"Baba yupi? Yule aliyekuwa akiupiga mpira ukavuka miti ya mikanju, mimi namjua, na yule hayuko tena. Huyu aliyeketi pale umemtengenezea nini?"

"Mzee, mimi nampa moyo tu."

"Moyo mpe kwa maneno. Mtu akija mlangoni mwambie hajambo, nami nimeambiwa sasa hivi na nimefurahi. Lakini mpira haujui kujibu hajambo, mwanangu. Huo wakwambia babako mgonjwa, nawe wakimbilia nyundo kuunyamazisha. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wangoja aumbuke mbele ya watu Jumamosi?"

Nilikasirika. Nilikuwa na jibu kali, na kwa ulimi wangu wa siku zile lingemchoma. Heshima ikanizuia, na nilipolimeza lile jibu, nikalia. Nilikuwa sijalia tangu baba augue, kwa sababu mtu hamlilii asiye na jambo. Mzee Kazungu hakunibembeleza. Alinipa nyundo, akaenda zake.

Nikamwendea baba, nikapiga magoti mbele ya kiti chake.

"Baba, mkono ukoje?"

"Sijambo."

Nikakaa pale pale, nikingoja. Akautazama mkono wake kama anayeuona sasa hivi.

"Hauna nguvu," akasema. "Hivi vidole viwili sivisikii kabisa. Na nimechoka, Mwanasha. Nimechoka kusema sijambo."

Nikamshika ule mkono, nikaupima kwenye mpini kidole kwa kidole. Halafu nikafanya kazi. Nikaulaza uso nyuma ili mpira upande bila kudai nguvu asizokuwa nazo. Nikaufunga kidogo na kubandika risasi kwenye kisigino, maana mikono yake ilichelewa kuugeuza. Nikaunenepesha mshikio kwa kitambaa apate kushika. Baba alikuwa akiniambia, "Zaidi kidogo," na mara hii alikuwa akisema kweli.

Jumamosi ikafika. Wakubwa wa klabu walisimama na vikombe vyao vya chai. Baba akapanga miguu yake, akauinua mkono taratibu, akapiga. Mpira ulipanda, mwanangu! Ulipanda juu ukanyooka, haukwenda kulia wala kushoto, ukatua katikati ya nyasi. Haukufika mbali. Akapiga wa pili na wa tatu, ikatua pale pale.

Katibu akauliza, kwa upole, "Mwalimu, waweza kuupeleka mbali zaidi?"

"Siwezi," baba akajibu. "Mimi ni mgonjwa. Lakini umekwenda nilikoutuma."

Kisha katibu akamshika mkono kwa heshima, akamwambia kwamba wageni huhitaji mwalimu awezaye kuwaonyesha mapigo yote. Basi ikawa kwaheri. Kazi ilikwisha hapo hapo kwenye zile nyasi.

Njiani nilibeba fimbo huku nimeinama. Nikamwambia, "Nisamehe, baba. Ningeuacha uso usimame, pengine mmoja ungebahatika ukaenda mbali."

Akasimama, akaegemea ukuta wa mtu.

"Huo mmoja ungekuwa wa nani? Tangu niugue, mwaishi na mtu mwingine mle nyumbani. Mwampikia yeye, mwamchekea yeye, nami nimeketi kando nawatazama. Fimbo hii ya leo, binti yangu, ndiyo ya kwanza umenitengenezea mimi."

Aliishi miaka mingine nasi, akiketi kando ya jiriwa na kunisahihisha. Mtaani waliendelea kumwita Mwalimu. Ile hofu yangu ilikuwa ya bure.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Utapenda watu, nao watapungukiwa: mume ataugua, mama atasahau jina lako, mtoto atashindwa na ulilomtarajia. Wa nje wakikuuliza, jibu hajambo, hiyo ni sitara yao na yako. Lakini ukishafunga mlango, muulize tena, halafu unyamaze mpaka akujibu. Usimtengenezee yule aliyekuwepo jana, wala yule unayemtamani. Mtengenezee huyu uliye naye, kwa nguvu alizobakiwa nazo, hata kama kufanya hivyo kutakuliza. Kumkana udhaifu wake ni kumkana yeye.

Nenda salama. Mola akupe mkono mwepesi na sikio lenye subira. Na siku itakapokuwa zamu yako kupungukiwa, maana itafika, akujaalie mtu wa kukuuliza hali yako, na ukimwambia sijambo, asiondoke.