Maharage ya Njano ya Bibi

Mwenzangu, tangu juzi sikai nikatulia. Daktari wa macho pale Tukuyu aliniwekea mezani vifuniko vidogo vya rangi, nivipange kuanzia buluu hadi kijani. Nikavipanga, najiona mjanja. Akaguna. Nilikuwa nimevivuruga. Akasema sukari ikishambulia retina, ile ngozi ya ndani ya jicho inayopokea mwanga, inaweza kukuharibia kuona rangi kwanza, huku herufi za ukutani unazisoma zote.

Nikamkumbuka bibi yangu wa Lufingo, aliyenilea.

Bibi ndiye aliyetunza mbegu. Kupanda kukikaribia, mvua haikatiki, tuliketi jikoni moshi ukitutoa machozi, yeye na ungo wake, akitenga maharage ya njano na meupe. Majirani walifuata mbegu kwake tu, kwa kuwa hazikuwa na mchanganyiko.

Nilipokuwa na miaka tisa nikaona meupe yamo kwenye ya njano. Kesho yake, tena. Shangazi alishaanza maneno: "Mama amezeeka, huo ungo nipeni mimi." Nilimwonea bibi huruma, jamani. Ungo ule ulikuwa heshima yake. Basi kila akitoka kwenda kunywa maji, na siku hizo alikunywa maji ajabu, nachambua upya haraka haraka. Akirudi anayashika kiganjani, anacheka: "Ndaga, asante Mungu wangu! Macho yangu bado." Na mtu akiwa kilima cha pili alimtambua, nani angeshtuka?

Nilimfichia misimu mitatu, najidai mjukuu mwema! Tulipompeleka hospitali alikuwa haoni hata kizingiti cha mlango. Wakatuuliza kama hatukuona dalili yoyote mapema. Shangazi akasema hakuna. Mimi nikatazama chini. Bibi alikufa akinitafuta kwa kupapasa.

Siku hizi mbegu tunanunua za pakiti, na jiko lile limeshabomolewa.

Juzi nami niliulizwa: "Tangu lini?" Nikajibu ndiyo kwanza leo. Uongo mtupu! Mimi ni fundi cherehani, na mwaka mzima binti yangu wa darasa la nne ndiye anayenichagulia nyuzi. Nimemkataza asimwambie mtu. Leo nimemkalisha, nikamsimulia yote ya bibi, nikilia bila aibu. Kesho asubuhi tunakwenda wote kwa daktari, na atakayemwambia tangu lini ni binti yangu.