Wimbo wa Kuchekesha Ulipoimbwa Taratibu

Mtunzi wetu huja mazoezini na koti lililopigwa pasi, akipuliza chai yake na kumtania kila mtu. "Dafne mwanangu, unatembea kama bata aliyealikwa kwa Malkia!" Kwa miaka arobaini London imezicheka nyimbo zake, nami mpiga piano nimezicheka zaidi. Leo mwimbaji wetu Dafne aliuimba ule wa mume anayemsubiri mkewe kituo cha treni, ila aliuimba taratibu, bila mzaha. Kikombe kikamponyoka mtunzi, kikavunjika. Vidole vyake, ambavyo daima hupiga mdundo gotini, viliacha kupiga.

"Usiimbe hivyo!" akafoka, yeye asiyefoka kamwe.

"Kwa nini, mzee?"

"Watajua kwamba hakurudi."

Tulipigwa na butwaa. Hakuna kati yetu aliyejua kuwa aliwahi kuoa.