Jina la Sindano Moja

Katika chumba cha kuwekea wagonjwa dawa za saratani, muuguzi mkuu aliitwa Sindano Moja, kwa kuwa hakupata kumchoma mtu mara ya pili. Mshipa ujifiche utakavyo, yeye aliupata, kisha akawatazama wauguzi wadogo kwa huruma ya mtu aliyeshiba.

Wagonjwa walimgombea. Mama mmoja fundi cherehani, aliyekuwa na saratani ya tezi, aliwapisha wenzake kwenye foleni hadi kiti cha Sindano Moja kiwe wazi. Wale mabinti wengine, alisema, wanatafuta mshipa kama mtu anayetafuta funguo mkobani.

Asubuhi hiyo zamu ilikuwa ya dawa nyekundu. Ikipita ndani ya mshipa inatibu. Ikivuja nje inaunguza nyama. Ndiyo maana lazima uvute bomba kwanza uone damu ikirudi, ndipo usukume. Hilo Sindano Moja alilifundisha mwenyewe, kwa sauti ya mahubiri.

Akachoma mgongo wa kiganja cha kulia cha mama fundi, akavuta. Damu haikurudi. Mabinti wawili walikuwa wamesimama wakijifunza. Achomoe, aanze upya mbele yao? Akajiambia mshipa umesinyaa kwa baridi, akasukuma polepole.

"Mwanangu, panawaka," mama fundi akasema.

"Vumilia, mama. Dawa hii ndivyo ilivyo."

Mama akavumilia. Akageuza uso ukutani, asije akamwaibisha mtaalamu. Sindano Moja alipoona ngozi imetuna, aliacha kusukuma. Akaivuta dawa iliyobaki kabla ya kuchomoa, akaweka barafu iliyofungwa kitambaa, akauinua mkono juu ya mto, akamwita daktari. Yote kama kitabuni, isipokuwa lile la kwanza.

"Nisamehe," mama fundi akamwambia. "Mshipa wangu umekuharibia siku."

Hapo ndipo uso ulipomshuka kabisa. Laiti angetukanwa.

"Si mshipa wako, mama. Damu haikurudi, nami nikaona haya kukuchoma tena mbele ya hawa."

Mama fundi alikitazama kiganja chake.

"Kumbe," akasema. "Mimi sindano ya cherehani hunichoma kila siku. Ungechoma tu."

Ngozi ilifanya kidonda, nacho kilichukua muda wake kupona. Siku ya dawa iliyofuata kidole gumba cha mama kilikuwa bado hakiwezi kushika mkasi, na kazi za wateja alikuwa akikatiwa na jirani, vibaya. Kiti cha Sindano Moja kilikuwa wazi. Mama fundi alimsalimia kwa adabu zote, akapita, akaketi kwa mmoja wa wale mabinti wa funguo mkobani, akanyoosha mkono wa kushoto.

Binti akachoma, akakosa. Akachoma tena, akakosa. Mara ya tatu akavuta, damu ikarudi, nyekundu, bila ubishi. Aliyeshika sinia la dawa alikuwa Sindano Moja, na hakuna aliyemwomba alishike.