Mupira Niliokata ku Dirisha

Wacha niseme kosa langu mwenyewe, kuliko muntu mwingine anisemee. Nilikuwa mufagizi wa salle, chumba cha operesheni, ku hospitali hapa Lubumbashi, miaka ile mines za shaba zilianguka na mishahara ikapotea. Gestionnaire wetu, Kasongo, mwenye kuchunga mali yote, aliuza pompe ya hospitali, tukakosa maji hata ku manyumba yetu. Simusamehe mpaka leo.

Ku masini ya usingizi kulikuwa mupira murefu uliotoka inje kwa dirisha. Sikuona maji wala moshi ukipita mule. Nikasema huu iko wa bure. Nikaukata, nikaubeba kwangu Kampemba wa kuvutia maji kwa jirani.

Tangu siku ile, kichwa kilituuma wote mule ndani. Papa Kalenga, mwenye kulalisha wagonjwa, akaanza kusinzia akiwa amesimama. Miye, na akili zangu nyingi, nikaenda kumuambia docteur kwamba muzee anakunywa pombe ya lutuku ku kazi.

Docteur akatukusanya ili amufukuze muzee mbele yetu. Kalenga akamupumulia docteur ku pua: hakuna harufu ya pombe. Halafu Kalenga akatupeleka ku dirisha, akaonyesha pahali mupira ulikatwa.

"Gazi ya kulalisha wagonjwa ilikuwa inapita hapa kwenda inje," akasema. "Sasa inabakia na sisi. Nani alikata?"

Fungulo ya salle nilikuwa nayo miye peke yangu. Wote wakanigeukia.

"Ni miye," nikasema.

Kalenga hakupandisha sauti. "Ndugu yangu, uliniita mulevi. Kumbe ni weye ulitulewesha sisi wote."