Msomaji wa Pili

Ofisi ya jarida ilikuwa chumba kimoja mwisho wa korido ndefu, kati ya stoo ya viti vilivyovunjika na choo cha walimu, na aliyekuwa na shida na jarida alijua kwamba shida yake itapita kwanza mikononi mwa Bi Nukta. Hilo si jina alilopewa na wazazi wake. Alipewa na wahadhiri waliochoka kurudishiwa makala kwa sababu ya nukta moja iliyokaa pasipo pake. Mwanzoni alilinunia, halafu akalizoea, na mwisho akawa anaitikia kabla hujamaliza kulitamka.

Cheo chake kilikuwa karani, na kazi yake ilikuwa kila kitu. Makala ikifika aliisajili, akaondoa jina la mwandishi ili wahakiki wasijue wanamsoma nani, akaituma kwa wawili, akawakumbusha, akawakumbusha tena, akawapigia simu hadi wake zao wakamzoea sauti. Ikipita, aliipanga kurasa, akayachora majedwali upya, akaipandisha kwenye tovuti. Profesa, mhariri mkuu, alikuwa mtu mwema sana na alitia sahihi. Tena jarida lenyewe lilikuwa la bure. Mwandishi hatoi kitu, msomaji hatoi kitu, awe waziri au mlinzi wa getini, anafungua na kusoma. Bi Nukta alijivunia jambo hilo kana kwamba amelibuni yeye.

Watu walimjaribu, kwani watu ni watu. Msomi mmoja alimletea kitambaa cha gauni ili makala yake iruke foleni. Kitambaa kilirudi kwake siku ileile pamoja na makala, na makala ilikuwa na alama nyekundu hamsini na tatu.

Alikuwa na sheria moja aliyoipenda kuliko zote: jedwali halisomwi na mtu mmoja. Macho ya aliyelichora huona anachotaka kuona, alisema, kwa hiyo lazima mmoja ashike nakala ya mwandishi na mwingine asome kwa sauti ule ukurasa uliopangwa, namba kwa namba. Ofisini hakukuwa na wa pili. Basi kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana alikaa mezani kwake, palepale ofisini, na mumewe, fundi saa, mzee wa vidole vyembamba na maneno machache. Yeye akisoma, mumewe akishika nakala na kujibu "ndiyo" au "simama". Wakifika mwisho, fundi saa aliweka alama ndogo ya vema kwenye pembe ya chini ya nakala, kwa penseli aliyoichonga kwa kisu chake cha kazi. Waliishi hivyo miaka ishirini na miwili. Mzee hakusoma chuo hata siku moja, lakini alijua habari za minyoo ya kondoo, mmomonyoko wa udongo na afya ya meno. Safari moja, katikati ya jedwali refu la vifo vya mifugo, alishusha nakala akauliza, "Mama Watoto, hivi hawa kondoo hawana mwenyewe?"

Mwaka jana aliugua wiki tatu, akafariki.

Bi Nukta alirudi kazini matanga yalipokwisha. Jumamosi moja alikaa kwenye meza ileile na makala ya mhadhiri mmoja kijana, iliyohusu dawa ya kusafisha maji ya kunywa, akaweka nakala ya mwandishi na ukurasa uliopangwa ubavu kwa ubavu. Akasoma peke yake, kidole kimoja huku na kimoja kule. Hakutafuta wa kumsaidia. Angemwambia nani kwamba hakuwa tayari kumwona mtu mwingine kwenye kile kiti?

Miezi minne baadaye, Jumatatu asubuhi, simu ya ofisi ililia. Alikuwa muuguzi wa zahanati ya mbali, sauti yake ikikatikakatika. Alieleza kwamba amelipata jarida kwa simu yake ya mkononi. Mengine yote yalimtaka kadi ya benki kabla ya kumwonyesha hata ukurasa wa kwanza, hili likafunguka tu. Aliipenda ile makala ya maji, akaanza kulinakili jedwali kwa chaki kwenye ubao wa nje, ambako akina mama husubiri zamu zao. Halafu mkono ukagoma. Jedwali lilisema maji machafu yatiwe dawa kidogo, na maji angavu yatiwe mara mbili yake. "Mama, mimi sijasoma kama nyinyi," alisema, "lakini hilo haliwezi kuwa kweli. Hao wenye maji ya bwawani wangekunywa maji wakidhani yamepona."

Bi Nukta aliifungua makala kwenye kompyuta, akaona. Vichwa vya safu mbili vilikuwa vimebadilishana mahali. Akamshukuru muuguzi, akamwambia mwandishi ataulizwa.

Alisema mwandishi, kumbuka. Katika miaka yake yote, kosa likitajwa, kitu cha kwanza Bi Nukta alichofanya ni kufungua kabati la chuma na kuitoa nakala yenye sahihi ya mwandishi. Siku hiyo hakulifungua. Ungemwuliza kwa nini, angekwambia kazi zilikuwa nyingi.

Mhadhiri alikuja mbio, akalitazama jedwali kwenye kioo cha kompyuta. Kamati ya kumthibitisha kazini ilikuwa inakaa Alhamisi. Naye hakufikiria hata kidogo kwenda kuitazama nakala yake ya kwanza, kwa sababu kosa likiwa kwenye jedwali la Bi Nukta, nani mwingine angekuwa amekosea? Akasema labda aliandika kwa haraka. Akaomba radhi mara tatu.

Profesa alipoelezwa alikuna kidevu. Alikuwa amepeleka maombi jarida liingizwe kwenye orodha ya majarida ya bure yanayoaminika, na majibu yalikuwa njiani. Alipendekeza faili libadilishwe kimya kimya, liwekwe lililo sahihi, maisha yaendelee. "Funika kombe mwanaharamu apite, Bi Nukta."

"Makala imepakuliwa mara mia nne na kumi na mbili, Profesa. Hao waliokwisha kuichukua tutawafunika na nini?"

Kisha akamkumbusha ukurasa wa maadili ya jarida, ulioandikwa na Profesa mwenyewe na kuchapwa na Bi Nukta: makala iliyokwisha kutoka haiguswi kwa siri. Ikisahihishwa, tangazo linawekwa juu yake, mahali pa wazi, likitaja kosa lilikuwa nini na la nani. Profesa akakubali, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka tu. Akaandika tangazo kwa mkono wake: kosa la mwandishi, mwandishi anaomba radhi. Litatoka Jumatano.

Jumanne, Bi Nukta alilichapa. Sasa hapo ndipo utaratibu wake mwenyewe ulipomnasa, kwa sababu kila tangazo la masahihisho lilibanwa pamoja na nakala ya mwandishi, na nakala ilikuwa kabatini. Akatoa ufunguo. Akaivuta bahasha.

Jedwali la mhadhiri lilikuwa sahihi. Maji machafu mahali pake, maji angavu mahali pake, wino wa sahihi yake chini. Kwenye pembe ya karatasi hapakuwa na alama yoyote ya penseli.

Alikaa chini polepole. Alikumbuka sasa: jedwali lilikuwa pana kupita ukurasa, akalivunja na kulipanga upya, na vichwa akaviandika mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na yeye alikuwa amekaa siku nzima akikitafuta kwenye nguo za mwenzake.

Na tusimpake mafuta: aliwaza vibaya. Ufunguo wa kabati ulikuwa wake peke yake. Ilikuwa karatasi moja tu. Miezi mitatu ilibaki astaafu, na Profesa, asiyejua kutunza siri, alikwisha kumdokeza maneno yatakayochongwa kwenye ngao yake ya kuagwa: Jicho Lisilokosea. Aliikunja ile karatasi, akaitia mkobani, akautundika mkoba begani, akatoka.

Kwenye korido alikutana na mhadhiri amesimama dirishani, akijisomea maelezo ya kuipa kamati, midomo ikicheza kama ya mtoto anayekariri. Alipomwona alikunja karatasi zake haraka.

"Asante mama kwa kunisitiri," alisema. "Wangekuwa wengine wangenitangaza chuo kizima."

Aibu ilimpanda Bi Nukta hadi masikioni, aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu mzima atamani kuitwa na mama yake nyumbani. Akageuka, akapiga moyo konde, akaenda kugonga mlango wa Profesa.

Profesa aliitazama ile karatasi ilipotolewa mkobani, mikunjo yake na yote. Hakuuliza kwa nini ilikuwa mkobani. Alisema yamekwisha, ni jambo la kawaida, wataandika kosa la uchapishaji na inatosha.

"Kosa la uchapishaji ni kosa lisilo na mwenyewe," alisema Bi Nukta. "Watu watasema chuo kinamficha yule kijana. Hili lina mwenyewe, Profesa. Niandike."

"Jina lako?"

"Langu. Lote."

"Unajua halijawahi kutoka kwenye jarida hata mara moja?"

"Najua. Ukurasa wa majina naupanga mimi."

Profesa alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kitu. Halafu akampa kalamu.

Aliandika upya: vichwa vya safu mbili vilibadilishwa mahali na karani wa jarida wakati wa kupanga ukurasa, jedwali halikusomwa na watu wawili kama inavyotakiwa, mwandishi hakukosea. Chini yake jedwali sahihi, na chini kabisa jina lake, la kwake, la baba na la babu. Mhadhiri aliitwa akaonyeshwa. Alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa, akasema atawaambia kamati kwamba hana kinyongo. Bi Nukta akamwambia asiwaambie kitu, awapelekee tangazo tu.

Ikabaki kulihakiki jedwali jipya. Jumatano asubuhi lilikuwa mezani kwake, limepangwa, safi, na hakulipandisha. Jedwali halisomwi na mtu mmoja. Mhadhiri angekuja kama angemwita, lakini yeye ndiye mwandishi, macho yake nayo yangeona anachotaka kuona. Profesa alikuwa kikaoni. Bi Nukta alitazama kiti kitupu cha wageni, kisha akatazama simu.

Muuguzi aliitikia mlio wa pili. Bi Nukta alimweleza alichofanya na jinsi ilivyokuwa, bila kujipunguzia. Kisha akamwuliza kama ana dakika kumi. Angempigia picha nakala ya mwandishi na kumtumia, muuguzi aishike mbele yake, naye atamsomea ukurasa wake namba kwa namba. Ikiwa sawa aseme ndiyo. Isipokuwa sawa aseme simama.

"Mimi?" aliuliza muuguzi.

"Wewe ndiye uliyeliona."

Picha ikatumwa, wakaanza. Maji angavu, ndoo moja. Ndiyo. Maji machafu, ndoo moja. Ndiyo. Mtungi, pipa, tangi. Kwa nyuma zilisikika sauti za akina mama kwenye benchi na mtoto analia, na mara moja muuguzi akasema simama, kumbe alikuwa anamwambia mtu mlangoni. Bi Nukta alicheka, jambo ambalo meza ile haikuwa imelisikia kwa muda mrefu. Walipofika mstari wa mwisho alitaka kuishia hapo.

"Chini pana jina," alisema muuguzi. Bi Nukta alikuwa amemtumia na tangazo zima. "Hilo nalo tulisome?"

Bi Nukta alilisoma, majina yote matatu, taratibu, kama linavyosomwa la mtu mwingine.

"Ndiyo," alisema muuguzi.

Akashukuru, akakata simu. Akafungua droo, akatafuta ile penseli fupi iliyochongwa kwa kisu, akaweka alama ya vema kwenye pembe ya chini ya nakala. Kisha akalipandisha.